Historia: Ugonjwa uliopewa jina la jirani wa Aru, na farasi waliotoa ushahidi

Ukitoka mji wa Aru, jimbo la Ituri, na kuelekea mashariki, haupiti muda mrefu kabla ya kufika mpakani, na ng'ambo yake kuna Arua, nchini Uganda. Wakaaji wa pande hizo mbili hawahitaji kutambulishana. Walugbara wako huku na wako kule. Waalur wa Mahagi wana wajomba na mashemeji Nebbi. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa kule walikimbilia huku na kupokelewa. Vita vilipowaka Ituri miaka ya baadaye, njia iligeuka, na watu wa huku wakabeba magodoro yao kuelekea kule.

Eneo hilo la Uganda linaitwa West Nile, maana yake magharibi ya mto Nili. Jina hilo leo linasomwa mbali sana na Arua. Liko katika vitabu vya madaktari wa mifugo wa Ufaransa, Italia, Morocco na Marekani. Mfugaji wa farasi wa Texas analijua, ingawa hajui kama ni jina la mahali ambapo watu wanalima mihogo na tumbaku. Kwake yeye West Nile ni ugonjwa: farasi anaanza kuyumba miguu ya nyuma, midomo inamtetemeka, anaanguka na kushindwa kusimama.

La ajabu ni kwamba nchi iliyotoa jina hilo karibu haina farasi. Ng'ombe wako, mbuzi wako, farasi ni mnyama wa kuonekana kwenye picha. Namna jina la nchi isiyo na farasi lilivyokuwa jina la ugonjwa wa farasi ni historia inayoanza na homa ya mwanamke mmoja.

Kwanza neno dogo juu ya mpaka wenyewe. Ardhi hiyo ya West Nile iliwahi kuwa chini ya bendera iliyotawala Kongo. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold wa Pili eneo lililoitwa Lado, kando ya Nili, na askari wake wakaliteka mwaka 1897 baada ya kuwashinda Wamahdi huko Rejaf. Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata Lado ikarudishwa upande wa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda. Kama makaratasi hayo yangeandikwa kwa namna nyingine kidogo, ugonjwa huu ungekuwa na jina la Kongo. Kongo ina majina ya namna hiyo ya kutosha.

Mwanamke wa Omogo

Mwaka 1936 shirika la Rockefeller la Marekani pamoja na serikali ya Uingereza walifungua Entebbe, kando ya ziwa Viktoria, taasisi ya kuchunguza homa ya manjano. Waliogopa kwamba ugonjwa huo, uliojulikana sana Afrika ya Magharibi, ungesafiri kwa ndege hadi mashariki ya bara na kutoka hapo hadi Bara Hindi. Basi watafiti wakazunguka vijijini wakichukua damu za watu, ili wajue nani ameshawahi kukutana na homa ya manjano na nani bado.

Mwisho wa mwaka 1937 walikuwa West Nile. Katika kijiji walichokiandika Omogo walimkuta mwanamke mtu mzima mwenye homa. Walimtoa damu, wakaipeleka Entebbe, wakaidunga katika ubongo wa panya weupe wa maabara, ile ambayo wengi huku huiita labo. Panya wakaugua na kufa. Walipochunguza, haikuwa homa ya manjano. Kilikuwa kirusi ambacho hakuna aliyekiandika bado, na kilipenda ubongo.

Watafiti hao, Kenneth Smithburn na wenzake Hughes, Burke na Paul, walichapisha habari hiyo mwaka 1940. Kirusi wakakipa jina la wilaya. Mwanamke mwenyewe alibaki katika kichwa cha makala kama mwenyeji wa Uganda, basi. Omogo ndiyo Omugo ya leo, mahali ambapo katika miaka ya karibuni wakimbizi wengi wa Sudan Kusini wamepewa viwanja vya kujenga.

Wakati ule hakuna aliyeona hatari kubwa. Homa ya siku chache, watu wanapona. Leo inajulikana kwamba kati ya watu watano wanaoambukizwa, wanne hawasikii lolote, na wa tano anapata homa, maumivu ya kichwa na ya mwili, pengine vipele. Ni wachache sana, chini ya mmoja katika mia, ambao kirusi huwafikia ubongo. Lakini hao huweza kupooza au kufa, zaidi wakiwa wazee.

Kinachobebwa na ndege, kinachosambazwa na mbu

Kirusi cha West Nile ni cha ndege kwanza. Mbu anamnyonya ndege mwenye kirusi, siku kadhaa baadaye anamwuma ndege mwingine, na mzunguko unaendelea. Mbu wenyewe si wale wa malaria. Ni mbu wa jamii ya Culex, wale wa kawaida wa nyumbani ambao wengi wao huzaliana katika mitaro, mashimo ya vyoo na maji machafu yaliyosimama, na ambao huuma usiku.

Mara nyingine mbu huyo humwuma mtu au farasi. Hapo kirusi kinafika mwisho wa njia. Katika damu ya farasi hakiongezeki kiasi cha kumwambukiza mbu mwingine, kwa hiyo farasi mgonjwa hampi ugonjwa jirani yake, wala hampi mwenye kumfuga. Anaumia peke yake.

Hata hivyo mwili wake unaweka alama. Mtu au mnyama akishambuliwa na kirusi, damu yake hutengeneza kingamwili, askari waliofundishwa kumjua adui huyo mmoja. Kirusi kikiisha, askari wanabaki. Kuna wa mapema, wanaotokea siku za kwanza na kwa kawaida kupungua baada ya wiki au miezi, na kuna wa kudumu, wanaokaa miaka. Ukimtoa farasi damu ya shingo, kijichupa kimoja tu, unaweza kujua kama aliumwa na mbu mwenye kirusi, na kwa kuangalia aina ya kingamwili, kama ilikuwa juzi au zamani.

Zamani jaribio lilikuwa la panya. Maji ya damu ya mnyama yalichanganywa na kirusi hai, mchanganyiko ukadungwa kwa panya. Panya akifa, damu ile haikuwa na kinga. Panya akiishi, mnyama yule alishakutana na kirusi na damu yake imekifunga. Siku hizi kazi kubwa inafanywa na sahani za plastiki zenye vishimo vidogo vinavyobadilika rangi, lakini wazo ni lile lile la Entebbe.

Mbona farasi? Kwa sababu analala nje. Hana chandarua, hana ukuta, usiku mzima anaumwa. Mwenyewe anajua alizaliwa wapi na amewahi kupelekwa wapi. Anatolewa damu bila shida. Na kuna sababu nyingine ambayo katika Afrika ni kubwa: kirusi cha West Nile ni ndugu wa kirusi cha homa ya manjano na cha dengi, na kingamwili za ndugu hawa huchanganyana katika majaribio ya haraka. Mtu aliyechanjwa homa ya manjano anaweza kuonekana kama aliwahi kuugua West Nile kumbe sivyo. Farasi hachanjwi homa ya manjano, kwa hiyo ushahidi wake umechafuliwa kidogo zaidi.

Farasi na Kongo

Kutumia farasi ili kuuliza swali juu ya wadudu si jambo lililoanza na West Nile. Mwaka 1894 na 1895 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alikuwa Ubombo, nchi ya Wazulu, akitafuta sababu ya ugonjwa wa nagana uliokuwa unamaliza ng'ombe. Aliwashusha farasi wazima bondeni penye ndorobo, wamefungwa mifuko midomoni ili wasile majani wala kunywa maji ya kule, akawapandisha tena mlimani siku hiyo hiyo. Farasi wakaugua nagana. Basi haikuwa majani, haikuwa maji. Ilikuwa nzi. Vijidudu alivyoviona katika damu vinabeba jina lake mpaka leo, na ndugu zake ndio wanaoleta malale kwa binadamu.

Nzi huyo ndiye aliyeifanya Kongo kuwa nchi isiyo na farasi. Palipo na ndorobo wengi, farasi hana maisha marefu. Watawala wa Leopold walijua hivyo mapema. Mwaka 1879 tembo wanne wa Bara Hindi walishushwa pwani ya Dar es Salaam ili wabebe mizigo kuelekea ziwa Tanganyika. Tembo hao wakafa, na mpango ukaishia hapo. Toka mwaka 1900, huko Api, Uele, kukafanywa jaribio la kufuga tembo wa Kongo wenyewe, na kazi hiyo baadaye ikahamia Gangala na Bodio, karibu na Garamba. Lakini mzigo mwingi wa nchi haukubebwa na tembo. Ulibebwa na wapagazi, kichwani, kwa lazima. Ukosefu wa farasi haukuwa jambo la wanyama peke yake.

Wale farasi wachache waliopo Kongo leo wako zaidi katika miji mikubwa kama Kinshasa na Lubumbashi. Hata hao wachache wametoa ushahidi, na habari yao iko mbele.

Kutoka Nili hadi Rhône

Baada ya 1940 kirusi kilisahauliwa karibu miaka kumi. Kisha Misri. Miaka ya hamsini, watafiti wa kituo cha jeshi la majini la Marekani mjini Cairo, wakiongozwa na Richard Taylor na Telford Work, walikaa katika vijiji vya bonde la Nili kaskazini ya Cairo, kikiwemo Sindbis, wakitoa damu kwa watu, kunguru, punda, farasi. Walichokuta kiliwashangaza. Watu wazima walio wengi walikuwa wameshakutana na kirusi, na wanyama wa jamii ya farasi pia. Watoto walikipata wangali wadogo, kama homa ya kupita, wakakua na kinga. Kirusi kilikuwa mwenyeji wa kijiji na hakuna aliyekuwa akikijua kwa jina. Mwaka 1963 ikachapishwa habari ya farasi wa Misri aliyekutwa na kirusi chenyewe, si kingamwili tu.

Karibu wakati huo huo mambo yalibadilika ng'ambo ya bahari. Kusini ya Ufaransa, mahali ambapo mto Rhône unaingia baharini, kuna nchi ya mabwawa iitwayo Camargue. Farasi weupe wa huko huishi nusu porini, miguu ndani ya maji, na ndege wanaotoka Afrika kila majira hutua humo kwa maelfu. Toka mwaka 1962 farasi hao wakaanza kuyumba na kuanguka. Watu wachache pia wakaugua ubongo. Mwaka 1964 kirusi kilikutwa katika mbu wa Camargue aitwaye Culex modestus. Kilikuwa kile kile cha Omogo, au ndugu yake wa karibu kabisa.

Halafu, baada ya 1965, kimya. Miaka thelathini na mitano hakuna farasi aliyeripotiwa kuanguka Camargue kwa ugonjwa huo. Madaktari wa mifugo waliouona walistaafu.

Mwisho wa Agosti 2000 farasi wakaanza tena. Safari hii kulikuwa na maabara za kutosha, na serikali ya Ufaransa ikaagiza damu itolewe, si kwa wagonjwa tu, bali kwa farasi wote wa eneo lililozunguka. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 76, na 21 kati yao walikufa. Farasi zaidi ya 5,000 walitolewa damu, na karibu 8.5 katika kila mia walikuwa na kingamwili. Maana yake ni farasi zaidi ya 400. Wengi wao hawakuwahi kuonyesha dalili hata moja. Na wengine kati yao walikuwa na kingamwili za kudumu tu, bila zile za mapema, ishara kwamba hawakuumwa na mbu yule wiki chache zilizopita.

Hapa ndipo damu ya farasi ilipofundisha kitu ambacho macho yasingekiona. Kungoja farasi aanguke ndipo useme ugonjwa umefika ni kuchelewa sana. Kwa kila farasi aliyeanguka kulikuwa na kadhaa waliosimama wakila majani, na kirusi kimeshapita katika miili yao. Mwaka huo 2000 hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua katika eneo hilo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2003, wakatokea wagonjwa saba wa kibinadamu mkoani Var, mashariki zaidi. Katikati ya vipindi hivyo nchi nyingine zilikuwa zimeshapigwa: Morocco mwaka 1996, ambako farasi, punda na nyumbu 42 walikufa, Romania mwaka huo huo, ambako watu wa Bukarest waliugua kwa mamia, na Italia mwaka 1998.

New York

Agosti 1999 wazee wachache katika mtaa wa Queens, New York, walilazwa wakiwa na homa na misuli iliyolegea. Daktari Deborah Asnis akatoa taarifa. Wakubwa wa afya wakasema ni ugonjwa mwingine unaofanana na huo, uitwao St. Louis, ambao Marekani iliujua tayari. Lakini wakati huo huo kunguru walikuwa wanadondoka mitaani, na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wanakufa. Daktari wa wanyama wa bustani hiyo, Tracey McNamara, hakukubaliana na jibu lile, kwa kuwa ugonjwa wa St. Louis hauui ndege. Alisukuma mpaka sampuli zake zikachunguzwa. Mwisho wa Septemba jibu likatoka: West Nile, kwa mara ya kwanza katika bara la Amerika. Watu 62 waliugua vibaya mwaka huo na 7 walikufa. Kisiwani Long Island farasi 25 waliugua, 9 wakafa.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 2002 pekee farasi zaidi ya 14,000 waliugua Marekani, na watu zaidi ya 4,000, kati yao 284 wakafa. Farasi wa kule ana thamani na mwenyewe ana bima na wakili, kwa hiyo chanjo haikuchelewa. Agosti 2001, miaka miwili tu toka kirusi kilipoonekana New York, chanjo ya farasi ilipata ruhusa ya muda, na zaidi zikafuata. Ziko mpaka leo na zinafanya kazi vizuri.

Ya binadamu haijapata ruhusa mahali popote. Sababu zinazotolewa si za uongo: wagonjwa hutokea hapa mwaka huu na kule mwaka ujao, kwa hiyo ni vigumu kuijaribu, na gharama ni kubwa. Lakini inabaki kwamba farasi wa Kentucky anaweza kukingwa na ugonjwa wa Omogo, na mtu wa Omogo hawezi.

Ushahidi wa farasi wa Afrika

Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya damu ya farasi wa nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo. Chad na Senegal, zaidi ya farasi tisa katika kila kumi walikuwa na kingamwili za West Nile. Kongo na Côte d'Ivoire, karibu watatu katika kila kumi. Gabon, nchi ya msitu mnene, wachache mno.

Karibu watatu katika kumi. Hakukuwa na taarifa za farasi kuanguka ovyo Kongo. Hakuna muganga aliyekuwa akiwaandikia wagonjwa wake neno West Nile. Farasi walikuwa wamesimama mazizini, wakiumwa na mbu wale wale wanaowauma walinzi wao na watoto wa jirani, na damu yao ikasema kirusi kiko.

Kwa kweli binadamu walishasema kabla ya farasi, miaka minane nyuma, lakini kwa bei kubwa zaidi. Februari 1998 homa ilizuka katika kambi ya kijeshi ya Kapalata, Kisangani. Waliougua walikuwa vijana waliohama kutoka kwao hivi karibuni na kukusanywa hapo. Sampuli za damu za vijana 35 zilipelekwa Uholanzi, na karibu theluthi mbili zilionyesha alama za maambukizi mapya ya West Nile. Makala yaliyochapishwa mwaka 1999 katika jarida la Marekani la magonjwa ya nchi za joto yaliwaita wahamiaji, na neno hilo lina maana katika jambo hili. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo kirusi kinazunguka hukipata utotoni, kama watoto wa Sindbis, na kwa kawaida hata hajui. Anayehamishwa akiwa mkubwa, akalala mahali pageni bila chandarua pamoja na mamia ya wengine, hukutana nacho kwa mara ya kwanza akiwa amechoka na ana njaa.

Kapalata haikuwa na farasi wa kutoa damu kabla. Vijana ndio waliosimama mahali pa farasi.

Miezi sita baadaye, Agosti 1998, vita vya pili vilianza, na hakuna aliyerudi Kisangani kwa haraka na vijichupa vya damu.

Jina linalobaki

Mwaka 1976, ugonjwa mpya ulipoua watu Yambuku, Equateur, watafiti walijadiliana juu ya jina. Hawakutaka kijiji kibebe laana hiyo milele, kwa hiyo wakachagua mto ulio mbali kidogo, Ebola. Mwaka 2015 shirika la afya duniani, OMS, liliomba kwamba magonjwa mapya yasipewe tena majina ya mahali. Agosti 2022 aina ya mpox iliyokuwa ikiitwa ya bonde la Kongo ikapewa namba tu: aina ya kwanza. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, ingawa ulikuja baada ya miaka mingi ya jina la nchi kutajwa pamoja na vidonda.

West Nile haikupata nafasi hiyo. Jina limeshakaa katika chupa za chanjo ya farasi, katika fomu za benki za damu za Ulaya, katika matangazo ya redio ya Marekani kila majira ya joto. Watu wa Arua wanaokwenda ng'ambo huulizwa wanatoka wapi, wakitaja eneo lao, huulizwa kama ni pale pa ugonjwa.

Camargue bado wanafuatilia farasi wao. Italia na Ugiriki nao wanafanya hivyo kila mwaka, na kijichupa kimoja kikionyesha kingamwili za mapema, hospitali za eneo hilo hupewa taarifa, na damu inayotolewa na watu wenye hiari huchunguzwa kabla ya kuwekewa mgonjwa.

Aru, Mahagi, Bunia, na katika kambi za wahami kuanzia Djugu hadi Kivu, mtu mwenye homa huchomwa kidole kwa ajili ya TDR ya malaria. Ikionyesha malaria, anapewa dawa. Isipoonyesha, mara nyingi anapewa za kushusha homa na kuambiwa arudi baada ya siku mbili. Sampuli zinazosafiri hadi INRB, Kinshasa au Goma, ni zaidi za Ebola, mpox na kipindupindu, magonjwa yanayoua upesi na watu wengi, na hakuna anayeweza kuwalaumu wanaopanga hivyo. Homa ile nyingine, iliyopatikana kwa mara ya kwanza karibu na mpaka huo huo, inaandikwa katika daftari la kituo cha afya kwa neno moja: homa.